Umri wa Kununua

Babu yangu hakuamini mti mweupe. Nguzo ya zizi kwake ilikuwa mninga, na hata mninga haukuwa nguzo mpaka shoka liondoe weupe wote wa nje, ubaki moyo wa kahawia peke yake. Weupe, alisema, ni chakula cha mchwa. Ukiuacha, umewakaribisha mwenyewe. Huku kwetu Njombe, kwenye vijiji vya juu vinavyokaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mninga hauoti. Ilibidi uufuate kwenye mapori ya miombo ya ukanda wa chini, Wanging'ombe na kwenda Usangu, kisha umbembeleze dereva wa lori linalorudi bila mzigo. Kwa hiyo nguzo zilikuwa chache, na zilirithiwa. Zizi likihamishwa, nguzo ziling'olewa zikahama nalo. Baba alipoanza mji wake alipewa mtamba mmoja na nguzo nne za kona, na sijui katika hivyo viwili kipi kilihesabiwa kuwa zawadi kubwa.

Watu wa pwani nao walikuwa na elimu ya namna hiyo. Boriti za mikoko, ambazo mchwa huziogopa kwa ukali ulio ndani ya mti wenyewe, zilipakiwa majahazini Rufiji na Lamu zikaenda Oman na Ghuba kwa karne nyingi. Nyumba za mawe za Waswahili zina vyumba vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa kuwa boriti ndiyo iliyoamua upana. Elimu hiyo bado ipo. Miti yake ndiyo iliyopungua: Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, na mapori ya mninga ambayo babu aliyajua, leo ukiingia unakuta visiki na tanuri za mkaa.

Mimi kazi yangu yote imekuwa na mti mweupe. Kwa miaka kadhaa nilikuwa karani katika kiwanda kinachotia nguzo dawa, na tangu niliporudi kwenye ng'ombe wangu wa maziwa na pasheni, karibu kila nguzo iliyosimama shambani kwangu ni mlingoti mchanga, au mkaratusi kama wanavyouita kwingine, ambao babu asingeugeukia. Nimekuwa na muda wa kutosha kulinganisha nguzo zake na zangu, na jibu nililolipata ni hili: mninga wake ulijilinda kwa sababu ulikuwa umeishi. Miongo mingi ulikaa ukijijaza moyoni vitu vichungu ambavyo mdudu na ukungu haviwezi. Mlingoti wa miaka minane au kumi haujafika huko. Dawa inaupa umri ambao haukuuishi. Umri huo ni wa kununua, una masharti yake, na wanaolalamika kwamba nguzo za dawa hazina lolote wengi wao walipewa nguzo bila kupewa masharti.

Milingoti ilitukuta tayari tumezoea kupanda miti. TANWAT ilianza hapa Njombe mwaka 1949 na mradi wa miwati, kwa ajili ya magome yanayotoa tanini ya kusindika ngozi. Upande wa Mufindi kukawa na Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote ya serikali. Mwanakijiji akajifunza kwamba mlima usiofaa mahindi unafaa mti, na mti ni akiba isiyokopwa na ndugu. Halafu Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, ukaanza kusambaza umeme vijijini, na kila kijiji kilihitaji nguzo. Mlingoti ulionyooka ukapata bei. Uliokosa urefu au uliopinda kidogo ulikatwa vipande vya mita mbili na nusu, ukapitia dawa ile ile, ukauzwa kwetu wakulima. Ndiyo njia iliyozifikisha nguzo za kijani kwenye mazizi yetu.

Kiwandani kila kitu kilianza na ukavu. Mti ukishakatwa ulichunwa magome mapema, ukapangwa kwenye vichanja juu ya ardhi, ukakaa miezi. Mti mbichi umejaa maji, na palipojaa maji dawa haina pa kukaa. Kipimo kikionyesha unyevu umezidi asilimia 30 hivi, nguzo zilirudi kichanjani hata kama mnunuzi yuko getini na lori. Ukavu huo una faida ya pili ambayo watu huisahau: mlingoti hupasuka unapokauka, na ni heri upasuke kabla ya dawa, ili dawa iingie hadi ndani ya ufa. Ukipasuka baadaye, ufa unafungua mlango mpaka pale ambapo dawa haikufika.

Zilizokauka zilisukumwa kwa troli juu ya reli mpaka ndani ya silinda ndefu ya chuma, mlango ukakazwa. Pampu ilivuta hewa kwanza, ile iliyomo ndani ya silinda na ile iliyojificha ndani ya mti. Kisha dawa ilifunguliwa ikajaza silinda, na pampu nyingine ikaanza kusukuma, kwa shinikizo linalozidi mara kumi lile la hewa tunayoivuta. Kwa kutegemea unene wa mzigo, hilo lilichukua saa moja, mbili au zaidi. Mwisho ilivutwa hewa tena kwa muda mfupi ili nguzo zisitoke zikitiririka. Utaratibu huu si mpya. John Bethell aliusajili Uingereza mwaka 1838, yeye akitumia kreosoti, mafuta meusi ya lami ya makaa ya mawe yenye ile harufu ya nguzo za zamani. Dawa yetu sisi ilikuwa CCA, mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki, uliobuniwa katika miaka ya 1930 na mwanasayansi wa India, Sonti Kamesan. Shaba inaua ukungu unaoozesha. Aseniki inaua mchwa, na ule ukungu sugu ambao shaba haiuwezi. Kromi kazi yake ni kuzifunga mbili hizo ndani ya mti ili mvua isiziondoe.

Kazi yangu ilikuwa hesabu. Pembeni mwa tangi la dawa kulikuwa na mrija wazi unaoonyesha kimo. Nilikisoma kabla ya mzigo kuingia na nikakisoma baada ya kutoka. Tofauti ndiyo lita zilizobaki ndani ya miti. Nikazigawa kwa ujazo wa mzigo, nikaingiza ukali wa dawa ya siku hiyo, nikajua kilo ngapi zimekaa katika kila mita ya ujazo. Nguzo ya kuchimbiwa ardhini inadai kiasi kikubwa kuliko mbao ya kenchi, na mzigo uliopungukiwa ulirudishwa ndani. Wageni walishangaa kuona kwamba kilichomo mrijani ni cha rangi ya chungwa. Walitegemea kijani. Kijani huja baadaye, ndani ya mti, kromi inapobadilika na kuzishika shaba na aseniki. Joto huharakisha mabadiliko hayo na baridi huyachelewesha. Juni na Julai, ambapo Njombe asubuhi majani yanaamka na barafu, nguzo zilikaa uwanjani muda mrefu zaidi kabla ya kuruhusiwa kutoka. Hata leo nikiona nguzo ina unjano na inalowesha mkono, siipakii kwenye gari langu. Sumu yake haijashikamana na mti, na mkono wa kibarua, mvua ya kwanza na udongo wa zizi ndivyo vitakavyoipokea.

Kilichonifundisha kuliko vyote kilikuwa kijiti chembamba. Mkaguzi alikuwa na keekee yenye uwazi katikati. Aliizungusha ubavuni mwa nguzo, akachomoa kijiti chenye unene wa penseli kinachoonyesha mti tangu ganda hadi moyo. Akakidondoshea kimiminika cha kutambulia shaba. Palipo na shaba pakageuka bluu iliyokolea. Kwenye mlingoti mchanga bluu iliingia sentimita mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, halafu ikakatika ghafla pale moyo unapoanza. Ng'ambo ya mpaka huo, hakuna. Tundu likazibwa kwa kijiti kingine kilichotiwa dawa, nguzo ikaendelea na safari yake.

Hapo elimu ya babu ikapinduka juu chini. Weupe wa nje wa mti ndiko maji yalikopita mti ulipokuwa hai, kwa hiyo mirija yake iko wazi na dawa inapita. Moyo umekwisha kujiziba. Ndiyo maana moyo wa mninga, ulioiva kwa miongo, hauhitaji dawa wala hauipokei. Lakini moyo wa mlingoti wa miaka minane umejiziba bila kuwahi kujaa ule uchungu: dawa haiingii, na mchwa anaingia. Kwa babu, weupe ulikuwa wa kutupa na moyo wa kutegemea. Kwenye nguzo ya dawa, weupe ndio ukuta na moyo ndio unaolindwa. Mkulima anayeishughulikia nguzo ya kijani kwa desturi za mninga anabomoa ukuta kwa mikono yake.

Shemeji yangu mmoja aliubomoa kwa shoka. Alinunua nguzo nzuri za uzio wa malisho, na kwa kuwa alitaka kuokoa gharama ya wachimbaji, akawaambia vijana wazichonge ncha, wazigongelee ardhini kwa nyundo. Uzio ulisimama vizuri sana, ukapigwa picha. Baada ya miaka michache mtamba mmoja alijikuna kwenye nguzo, nguzo ikalala. Nikaitwa, kwa kuwa kwao mimi bado ni "mtu wa kiwanda". Nikatembea kando ya uzio nikizigonga kwa bapa la panga. Zile nzima zilijibu kwa sauti fupi, kavu. Nyingine zililia kama mtungi mtupu.

Tuliing'oa moja na kuipasua kwa urefu. Ganda la kijani lilikuwa zima, gumu, halina tundu, na unene wake ulikuwa sawa pande zote. Ndani hamkuwa na mti. Mlikuwa na udongo wa mchwa, umepandishwa tangu chini hadi usawa wa seng'enge ya pili. Waliingia kwenye ile ncha. Shoka lilipochonga, liliondoa weupe wote upande wa chini na kuuacha wazi moyo usio na dawa, kisha ncha ikazamishwa kwenye udongo wenye mchwa.

"Dawa imekataa?" akauliza.

"Dawa haina kosa, shemeji. Itazame mwenyewe, imesimama."

Akaichungulia tena, akaipindua, udongo ukamwagika likabaki ganda tupu. "Kumbe niliuziwa bomba."

Tukacheka, lakini hesabu yake haikuwa ya kuchekesha. Uzio mzima ulirudiwa, na safari hii mashimo yalichimbwa. Kanuni nilizompa siku ile ndizo ninazompa kila anayeniuliza, na zote zinatoka kwenye kile kijiti cha bluu. Amua urefu kabla ya kununua, nunua urefu huo, usikate. Matundu ya boliti na mifereji ya kupachika mbao, kama fundi anavijua mapema, vichongwe kabla mti haujaingia kwenye silinda. Ikibidi kukata, upande uliokatwa uende juu, chini ubaki ule uliotoka nao kiwandani. Uliokatwa upakwe dawa ya shaba ya kupaka mara mbili tatu mpaka usinywe tena, kisha ufunikwe kipande cha bati ili mvua isikae juu yake. Seng'enge ishikwe kwa misumari iliyopakwa zinki, kwa kuwa chumvi za shaba zinakula chuma kitupu, na utabaki na nguzo nzima isiyoshika waya.

Jambo la pili ambalo mkulima hulidharau ni pale ardhi inapoishia. Ng'oa nguzo yoyote isiyo na dawa iliyozeeka, uitazame. Juu imekauka na ni nzima. Chini kabisa mara nyingi nayo ni nzima. Imekwisha pale katikati, kwenye usawa wa udongo na kiganja kimoja au viwili kushuka. Ukungu unataka maji na hewa kwa pamoja. Juu kuna hewa, maji hayakai. Chini sana kuna unyevu, hewa ni haba. Pale mpakani vyote vipo mwaka mzima, na mchwa pia hupitia hapo. Nguzo ya mlingoti isiyo na dawa kwa kawaida haimalizi miaka mitatu kwenye udongo wenye mchwa. Iliyotiwa dawa sawasawa na kusimikwa sawasawa hupita miaka 20. Tofauti hiyo yote inaamuliwa kwenye ukanda usiozidi urefu wa mkono.

Ndiyo maana sipendi kuona nguzo imesimikwa kwenye kikombe cha zege. Fundi anachimba shimo, anamwaga zege, anailainisha juu iwe sawa na ardhi, akiondoka anajisifu kwamba nguzo haitatikisika. Mti ukisinyaa kiangazi, unaacha mwanya kati yake na zege. Masika maji yanaingia kwenye mwanya huo na hayana pa kutokea. Ukitaka zege, chini ya nguzo acha wazi uweke kokoto ili maji yapite, na juu iinue kidogo kuliko ardhi ikiwa na mteremko wa kuyakimbiza maji. Mimi kwa nguzo za kawaida situmii zege kabisa. Shimo la robo hadi theluthi ya urefu wa nguzo, kokoto chini, udongo unarudishwa kidogo kidogo na kila tabaka linashindiliwa kwa mti mzito. Kazi ya kushindilia wengi wanaifanya mwishoni tu, shimo likishajaa, na ndiyo sababu uzio wao unayumba. Samadi nayo isilundikwe kwenye nguzo za zizi, kwa kuwa inaupandisha ule mpaka wa unyevu hadi kwenye sehemu ambayo ilipaswa kukaa kavu.

Kuhusu kununua, macho yanadanganywa kwa urahisi. Kijani si ushahidi. Nimeletewa nguzo zilizopakwa rangi zikapangwa barabarani, muuzaji anaapa kwamba ni za kiwandani. Hata nguzo iliyopita kiwandani lakini ikiwa mbichi inatoka na kijani cha kuridhisha juu juu. Wanunuzi wengi huangalia kitako cha nguzo, na hapo ndipo wanapokosea mahali pa kuangalia: mirija ya mti inafunguka kwenye vitako, kwa hiyo dawa huingia huko kirahisi kuliko ubavuni, na kitako kinaonekana kizuri hata kwenye nguzo mbovu. Kama mzigo ni mkubwa, mwombe muuzaji ukate nguzo moja katikati, kwa gharama yako. Utaona duara la kijani limeuzunguka moyo. Liwe zima pande zote, na liuchukue weupe wote hadi moyoni. Likiwa utepe mwembamba unaokatikakatika, rudi nyumbani na pesa zako. Ndiyo maana pia mlingoti mchanga unafaa kuliko mzee kwa kazi hii: una weupe mwingi kulinganisha na moyo. Babu angesema nimepotea.

Wapo wanaosema bei hiyo hawaiwezi, na ninawaelewa, kwa kuwa nguzo ya dawa inauzwa mara kadhaa ya bei ya mti mbichi wa jirani. Wanachofanya ni kupaka oili chafu ya magari, au kuichoma nguzo moto sehemu ya chini mpaka iwe nyeusi. Sizikejeli njia hizo. Mchwa hali mkaa, na oili inamchelewesha. Lakini zote zinaishia kwenye ngozi ya mti. Mti ukipasuka, na mlingoti lazima upasuke, ufa unapita katikati ya oili na katikati ya mkaa, na mchwa anafuata ufa. Oili yenyewe inabaki kwenye udongo. Kwa mwenye mfuko mdogo ushauri wangu huwa ni kugawa: nguzo za dawa ziwe za kona, za geti na za banda, yaani zile ambazo zikianguka zinaangusha na nyingine. Kati ya hizo panda uzio hai, miti inayoshika mizizi yenyewe, na waya uifungie humo. Gharama kubwa ya uzio unaooza iko kwenye kuchimba shimo lile lile kila baada ya miaka miwili, kukunjua waya na kuikunja, na kukimbizana na ng'ombe kwenye mahindi ya watu.

Nimesifu nguzo hizi vya kutosha. Sasa niseme la upande wa pili, ambalo wauzaji hulipitia haraka. Kilichomo ndani ni sumu, na kinafanya kazi kwa sababu ni sumu. Marekani, tangu mwanzo wa mwaka 2004, mbao mpya za CCA hazitengenezwi tena kwa ajili ya veranda za nyumba na michezo ya watoto, ingawa nguzo za mashamba na za umeme zimeendelea kuruhusiwa. Mpaka huo una mantiki, nami shambani kwangu nimeuweka hivyo hivyo. Nguzo ya dawa inasimama, inabeba waya, inabeba paa. Haiwi hori la kulishia, kwa kuwa ng'ombe analamba. Haiwi mzinga wa nyuki, wala kichanja cha kuanikia mahindi, wala benchi la watoto. Anayeikata kwa msumeno ajifunge kitambaa puani, avae glavu, akate mahali panapoweza kufagiliwa, na maranda yake yasitandikwe kwenye banda la kuku.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni moto. Njombe ni baridi, na kila kipande cha mti kinachozagaa kina mtu anayekihesabu kama kuni. Kipande cha nguzo kimekauka vizuri na kinawaka vizuri. Kikiwaka, sehemu ya aseniki inapanda na moshi na iliyobaki inajikusanya kwenye majivu, sasa ikiwa imeachana na mti uliokuwa umeishika. Katika kijiji cha jirani familia moja ilipikia pombe ya harusi kwa mabaki ya uzio wa zamani, na majivu yakamwagwa nyuma ya zizi, mahali panapomwagwa majivu siku zote. Ng'ombe hupenda majivu kwa ajili ya chumvi. Ndama wawili walianza kutoa mate na kuhara, wakashindwa kusimama, wakafa. Bwana mifugo hakuuliza wamekula majani gani. Aliuliza wamelamba nini, akaomba kuonyeshwa jiko, na pembeni mwa jiko kulikuwa na kipande ambacho hakijaungua, kijani kimekizunguka.

Mwenye nyumba hakuwa mzembe. Alifanya alichofanya babu yake na babu yangu: nguzo ikichoka ni kuni. Kwa mninga hilo lilikuwa sahihi. Nguzo ya dawa ikichoka bado ina dawa, kwa sababu aseniki haiozi wala haichakai. Sehemu kubwa ya iliyoingia kwenye silinda bado imo siku nguzo inapoanguka. Mashamba ya zabibu ya Marlborough, New Zealand, yaliyosimamishwa juu ya nguzo za namna hii, yamejikuta na malundo ya zilizovunjwa na mashine za kuvunia, na wenyewe wakitafuta pa kuzipeleka. Sisi bado hatujafika kwenye malundo, kwa sababu nguzo zetu nyingi ziliingia ardhini miaka ya karibuni. Lakini hesabu ya miaka 20 inatukimbilia na sisi.

Nifanyacho mimi ni kidogo lakini kinafanyika. Nguzo iliyovunjika inapata kazi fupi zaidi: ya mita mbili na nusu inakuwa ya kusimamishia waya wa pasheni kati ya nguzo mbili kubwa, na ile isiyofaa tena kabisa inawekwa chini ya paa, kwenye banda lenye kufuli, mbali na kisima. Watoto wa nyumbani wanajua kwamba mti wa kijani hauingii jikoni, na mgeni anayekuja kusaidia kupika kwenye shughuli anaambiwa hilo kabla ya kuonyeshwa kuni ziko wapi. Banda hilo litajaa siku moja, na mkulima mmoja mmoja hana jibu la siku hiyo. Vyama vyetu vya ushirika, vinavyokusanya maziwa kila asubuhi kwa gari linalopita kila njia panda, vinaweza kukusanya na vipande vya nguzo mara moja kwa mwaka. Kiwanda nacho kinachojua kilo za dawa kilizoingiza katika kila mita ya ujazo hakiwezi kushindwa kutenga uwanja wa kuvipokea vinaporudi. Uliza hilo ukiwa bado unanunua, pesa ikiwa mkononi mwako, kabla hata hujauliza bei.